Kutoa pikapu ndogo na kuongeza hela upate ya kuvuta tela: mwongozo kwa walioko Tanga

Anayetafuta pikapu ya kuvuta tela huanza kwa kuuliza injini: cc ngapi, ina tabo au haina, mlimani inakwendaje. Anza na tela. Dizeli yoyote yenye afya itaing'oa boti ya tani mbili kutoka ufukweni Sahare na kuifikisha barabara ya Pangani. Shida ni kuisimamisha bodaboda anapokatiza mbele yako, na kuizuia isikutikise mkia ukiwa kwenye 80. Hayo yanaamuliwa na kilo, na kilo hazikisiwi kwa macho.

Jua uzito wa tela kabla hujaenda yadi

Tafuta mizani ya magari. Viwanda, maghala ya mazao na wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu huwa nayo. Peleka tela ikiwa imepakiwa vilevile inavyosafiri: mafuta ndani ya tangi, nanga, nyavu, sanduku la barafu, kila kitu. Pima gari na tela kwa pamoja, kisha fungua tela uiache nje ya mizani na upime gari peke yake. Tofauti ndiyo uzito wa tela. Andika namba zote mbili.

Ukikosa mizani, piga hesabu. Maji lita 1,000 ni tani moja. Sementi mifuko 20 ni tani moja. Marobota manne ya mkonge, kwa kilo 250 kila moja, ni tani moja. Mchanga uliolowa, mita moja ya ujazo, unapita tani moja na nusu, na hapo ndipo wengi wanapoumizwa kwa sababu mchanga huonekana mdogo ukiwa ndani ya tela. Kwa boti ya faiba, chukua uzito wa boti tupu, jumlisha injini (ya nguvu farasi 40 ya viharusi viwili ina kilo sabini na kitu), petroli (lita 200 ni karibu kilo 150), halafu tela yenyewe, ambayo ya chuma huwa kati ya kilo 300 na 600. Ukimaliza, ongeza asilimia 15. Boti ya zamani huwa imenyonya maji katikati ya kuta zake, na uzito huo haumo kwenye karatasi ya muuzaji.

Namba nne, na kosa la kusoma moja tu

Pikapu ina uzito wake mtupu; kikomo chake yenyewe ikiwa na watu na mzigo; kikomo cha tela yenye breki; na kikomo cha gari na tela kwa pamoja. Baadhi utavikuta kwenye kibao cha nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, vingine kwenye kitabu cha gari. Dalali atakutajia kimoja tu, kile cha tela, kwa sababu ndicho kikubwa kinachovutia.

Chukua mfano wa pikapu ya kebini mbili yenye uzito mtupu wa kilo 2,100, kikomo chake kilo 3,050, kikomo cha tela kilo 3,500 na kikomo cha vyote viwili kilo 5,850. Ukiifunga tela ya kilo 3,500 kamili, gari linabakiwa na 2,350. Toa uzito wake wa 2,100, unabaki na kilo 250. Watu watatu wa kilo 75 wanakula 225, na chuma cha kuvutia peke yake kina kama kilo 30. Umeshapita, na nyuma hujaweka hata mfuko mmoja wa sementi. Kwa hiyo gari linaloandikwa "linavuta tani tatu na nusu" lihesabu kama la tani mbili na nusu, mbili na robo tatu, kama unataka pia kubeba watu na vitu vyako kwa amani.

Tela isiyo na breki zake, kikomo kwa pikapu nyingi ni kilo 750, haijalishi injini ina nguvu kiasi gani. Kwa tela zinazochomelewa mtaani kwa ekseli ya gari bovu, swali la kwanza liwe hilo: ngoma za breki zimeunganishwa na kitu chochote, au ni pambo?

Gari gani basi

Kama unayo Hilux ya zamani yenye injini ya 2L, 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), dizeli zisizo na tabo, umeshaona yenyewe inavyohema. Hatua inayofuata kwa wengi ni Hilux Vigo ya 3.0, injini ya 1KD. Inavuta vizuri, lakini kikomo chake cha tela kwenye masoko mengi ni kilo 2,500, kwa hiyo boti kubwa au tela ya ng'ombe sita inaimaliza. Hilux iliyotoka kuanzia 2015 yenye 2.8, injini ya 1GD, hupewa 3,200 hadi 3,500 kutegemea toleo. Ford Ranger ya 3.2 iko kwenye 3,350 hadi 3,500. Isuzu D-Max ya 3.0 ni 3,000 kwa za mwanzo na 3,500 kwa za baadaye. Soma ya gari lile lile unalolinunua, usiisome ya ndugu yake.

Land Cruiser 79, hii tunayoiita mkonga, inapewa kilo 3,500. Yenye 1HZ, silinda sita, cc 4,164 bila tabo, ina msukumo wa Nm 285 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha), chini ya Hilux ya 2.8 yenye 420 na zaidi. Mlimani itapitwa. Lakini chesesi yake ni nene, difu kubwa, inakaa saa nzima kwenye gia ya tatu bila kulalamika, na fundi wa kuitengeneza yupo Tanga mjini, Muheza, Korogwe, hata huko vijijini. Ya V8, 1VD, ina Nm 430; nzuri, ila vipuri vyake si vya kuokoteza. Kwa anayevuta boti kutoka Raskazone hadi Pangani na kurudi, tungechukua 1HZ iliyotunzwa. Kwa anayepandisha mzigo Lushoto kila wiki, Hilux ya 2.8 au Ranger itamgharimu zaidi kidogo, lakini itamchosha kidogo sana barabarani.

Urefu kati ya ekseli nao una maneno. Gari fupi hutikiswa na tela, refu hutulia. Na usidanganywe na springi zilizoongezwa majani: zinainua mkia wa gari, haziongezi kikomo hata kwa kilo moja, maana breki, beringi na chesesi ni zilezile.

Ingia uvunguni

Hapa tumia muda. Gari lililokaa pwani, na gari lililotoka Uingereza ambako barabara humwagiwa chumvi msimu wa baridi, huoza kuanzia chini huku rangi ya juu inang'aa. Chukua nyundo ndogo na bisibisi bapa. Gonga chesesi kuanzia mbele hadi nyuma, ukikaza zaidi juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima hulia kwa sauti ya juu, kilichooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa na kudondosha maganda. Penye shaka kandamiza bisibisi. Ikizama, funga mazungumzo. Lami nyeusi mbichi iliyopakwa uvunguni kote wiki hiyo hiyo ni sababu ya kugonga mara mbili.

Angalia matundu ya tobaa (chuma cha kuvutia tela) iliyokuwepo. Matundu yaliyotanuka kuwa mayai, au mistari ya kuchomelea karibu nayo, yanakuambia gari lilivuta kupita kiasi. Tazama pia nyuma ya kebini, pale chesesi inapopinda kupanda juu ya ekseli: nyufa huanzia kwenye kona za vishikizo.

Klachi ipime hivi: gari likishapata moto, weka gia ya nne ukiwa kwenye 40, kanyaga mafuta yote. Mzunguko wa injini ukipanda mbio huku mwendo haubadiliki, klachi inateleza. Kwa gari la kawaida hiyo ni ya kubishania bei. Kwa gari utakalovutia boti kutoka majini ni kazi ya kufanywa kabla ya safari ya kwanza.

Injini ianze ikiwa baridi kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha "ipate moto kidogo", rudi kesho asubuhi. Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha, washa, tazama maji. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi au silinda hedi iliyopasuka. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka taratibu: mvuke mwepesi hauna neno, moshi unaopiga kwa mapigo kama mtu anayekohoa ni pistoni au ringi zimechoka.

Kwa 1KD kuna jambo lake. Pete za shaba (washa) chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mwako unashuka kwenye oili, oili inakuwa lami, lami inaziba chujio la kunyonyea oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakufa kwa kiu ya oili ikiwa na oili tele. Muulize muuzaji kama sampu imewahi kufunguliwa na chujio likaoshwa. Kama hajui unachozungumzia, weka gharama ya sampu, shaba na nozeli kwenye hesabu yako. Kwa 1HZ ulizia mkanda wa taimingi: ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kibandiko cha tarehe kisicho na risiti ni karatasi tu. Ya 1KD ni 150,000. Ya 1GD ina cheni.

Halafu ijaribu na mzigo. Omba kufunga tela yako, hata ikiwa na tani moja tu, zunguka nusu saa, tafuta mwinuko, ukitazama geji ya joto. Muuzaji wa kweli atakaa pembeni yako. Anayekataa ana jambo analolijua kuhusu rejeta.

Bei: tenganisha magari mawili

Dalali akikuambia "toa yako, ongeza milioni 27 tu", hujaambiwa bei ya kitu chochote. Fanya hivi. Kwanza, waonyeshe gari lako wanunuzi watatu tofauti wa fedha taslimu, bila kutaja kubadilishana, na uchukue bei ya katikati. Pili, mtume mtu mwingine aulize bei ya lile kubwa kwa taslimu. Tuseme lako ni milioni 16 na lao ni 38. Tofauti ni 22. Wakitaka 27, maana yake wanalinunua lako kwa 11. Pengine unakubali, maana yadi inakuondolea usumbufu wa wanunuzi wa "nipunguzie kaka" miezi mitatu. Lakini ukubali ukijua unalipia milioni 5 kwa raha hiyo.

Kamisheni ya dalali iwekwe wazi mapema, na nani anailipa. Magari mawili yakibadilishana, wako madalali wanaodai kwa kila gari.

Kwenye gari lako usifanye matengenezo makubwa kabla ya kulitoa. Hela ya kupaka rangi nzima hairudi. Badili breki padi zinazopiga kelele, taa zilizokufa, osha injini, piga upepo tairi zote. Ondoa tobaa yako kama inaweza kufaa gari jipya au kuuzwa peke yake, maana hakuna atakayekuongezea senti kwa ajili yake.

Karatasi ni za magari mawili

Kubadilishana ni mauzo mawili siku moja, kwa hiyo mikataba miwili, kila mmoja na gari lake, namba ya usajili, namba ya chesesi, namba ya injini, bei, tarehe na *saa* ya makabidhiano, mbele ya wakili. Saa ina kazi: ajali ya saa kumi jioni iwe ya nani?

Namba ya chesesi isome kwenye chuma chenyewe. Kwa Toyota nyingi za aina hii iko upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Isugue kwa kitambaa chenye dizeli, uilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Chuma kilichosagwa au namba zisizonyooka, ondoka. Injini iliyobadilishwa bila kadi kusahihishwa ni kazi yako itakayokuja baadaye, basi iwe ya muuzaji sasa. Kadi iwe halisi mkononi. "Kadi iko benki" maana yake gari lina mkopo, na malipo yafanyike hukohuko benki.

Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa polisi, na deni la maegesho TARURA, kwa yote mawili, lao na lako. Uhamisho wa umiliki unafanyika TRA. Pande zote ziwe na TIN, nakala za vitambulisho, mkataba na kadi. Kuna ada ya uhamisho, ada ya kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Semeni mapema nani analipa nini.

Mtego mkubwa uko hapa: yadi ikichukua gari lako mara nyingi hailihamishi kwenda jina lake. Inasubiri mnunuzi, na kwa muda wote huo faini zinasoma jina lako. Dai uhamisho, au angalau barua ya makabidhiano yenye muhuri wao, na ubaki na nakala. Bima mpya iwe imeanza kabla hujageuza ufunguo, na mwambie wakala wa bima kwamba gari litavuta tela. Tela nayo ina usajili wake na namba yake. Haiazimi ya gari.

Kufunga tobaa

Ifungwe kwenye chesesi, pande zote mbili, kwa bolti zilizoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani. Bampa si mahali pake hata kama ni la chuma. Usikubali ichomelewe moja kwa moja kwenye chesesi; moto unadhoofisha chuma pembeni ya mshono, na ufa huanzia hapo. Kichwa cha duara kiwe cha milimita 50, na kishikio cha tela kiwe cha 50 vilevile, maana kipo pia cha inchi mbili chenye karibu milimita 51. Tela ya 50 haikai kwenye kichwa cha 51, na ya 51 kwenye kichwa cha 50 hufungika vizuri kabisa mpaka kwenye shimo la kwanza. Urefu kutoka chini upangwe ili tela ilale sawa, pua isiangalie juu. Minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya pua kama mkasi, ili pua ikichomoka idakwe isichimbe lami.

Pua ikandamize gari kwa kama asilimia 10 ya uzito wa tela. Ikipungua, tela inapiga mkia. Ikizidi, usukani unakuwa mwepesi na taa zinaangaza minazi. Kupima: tela iwe sawa, chukua ubao imara, upande mmoja uukalishe juu ya kipande cha bomba na mwingine juu ya mizani ya kupimia watu, sentimita 120 kati ya bomba na mizani. Soma uzito wa ubao mtupu kwanza. Shusha pua ya tela juu ya ubao, sentimita 40 kutoka kwenye bomba. Toa ule uzito wa ubao, zidisha kinachobaki mara 3. Mizani ikisoma 50 baada ya kutoa, pua ina kilo 150.

Boti yenye injini mbili nyuma karibu siku zote huwa na pua nyepesi. Dawa ni kusogeza boti mbele juu ya tela na kuhamisha kizuizi cha pua ya boti, au kurudisha ekseli nyuma. Kuweka mawe mbele ni kuongeza mzigo kuficha kosa. Tela ikianza kuyumba barabarani, achia mafuta taratibu, shika usukani sawa. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tela inakusukuma na kukugeuza.

Majini na mlimani

Ufukweni, shusha boti maji yakiwa yamejaa, gari libaki kwenye mchanga mgumu wa juu. Wakati wa bamvua maji ya Tanga hukimbia mbali, na matope yaliyo chini yake yameshameza magari mazito kuliko lako. Kabla ya kurudi kinyumenyume, chomoa plagi ya taa, na acha hub za tela (vitovu vya magurudumu, zilimo beringi) zipoe kama nusu saa. Hub ya moto ikiingia majini hunyonya maji ya chumvi kupitia sili, na beringi itakuja kukulilia Muheza. Kutoa boti majini tumia fowili ya chini (magurudumu yote manne kwa gia nzito), gia ya kwanza. Ndiyo inayookoa klachi. Kisha osha tela na uvungu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na kama mita 1,000 za kupanda, kona juu ya kona. Panda kwa gia ambayo injini inazunguka bila kugugumia, zima kiyoyozi, tazama geji. Kushuka, tumia gia ile uliyopandia, na breki zigongwe kwa vipindi, zisishikiliwe. Harufu ya lainingi ikiingia ndani ya kebini, simama mahali pa tambarare, weka vizuizi chini ya magurudumu, usivute breki ya mkono ngoma zikiwa za moto.

Safari ya kwanza, kaza nati za magurudumu ya tela na bolti za tobaa baada ya kilomita 50, tena baada ya 500. Soma namba nne za mwisho za tarehe kwenye tairi za tela: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela hukaa sana juani, tairi zake hupasuka kabla ya kuisha. Na kila ukisimama, gusa hub zote kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, usiendelee na safari kabla ya kuifungua.